Pazia la Kioo

Kila jioni, kufuli la umeme la mlangoni lilipomaliza kuimba wimbo wake wa kufunguka, Pyo Gwang-sik alivua viatu, akavipanga ukutani, kisha akauliza swali lake. Hakumuuliza dada yake. Alimuuliza mkewe.

"Mama Sol, leo kafanya nini?"

"Kasikiliza redio," mkewe alijibu kutoka jikoni. "Kala tambi. Kalala kidogo."

Na huyo aliyeulizwa habari zake alikuwa kakaa pale pale, sakafuni chumbani mwake kando ya jiko, mlango wazi, masikio mazima. Pyo Mi-ran hakuwa akiona tangu utotoni, surua ilipompitia; kiziwi hakuwa, bubu hakuwa. Lakini binadamu wana tabia hiyo. Ukikosa macho wanadhani na ulimi umeondoka nayo. Muuza viatu humuuliza aliyekushika mkono, "Huyu anavaa namba ngapi?" Daktari humuuliza, "Anaumwa wapi?" Mi-ran alikuwa amezoea, kama mtu anavyozoea kokoto ndani ya kiatu, yaani bado inauma.

Gwang-sik hakuwa mtu mbaya. Tuseme ukweli, maana angekuwa mbaya mambo yangekuwa mepesi. Ndiye aliyembeba Mi-ran mgongoni kumpeleka shule ya wasioona, mvua na theluji, na ndiye ambaye mama yao alimshika mkono kabla ya kukata roho akamwambia, "Mdogo wako nakuachia wewe." Mi-ran alikua, akasomea kukanda viungo, kazi ambayo nchini mwao sheria imewaachia wasioona, akapanga chumba chake karibu na soko la Daegu. Alikuwa na wateja waliomfuata kwa vidole vyake tu. Akaishi hivyo, peke yake, anapika, anafua, anakosea njia na kuipata.

Kisha ikaja ile simu. Mwanamume mwenye sauti nzito alijiita mwendesha mashtaka, akasema jina la Mi-ran limeonekana kwenye uhalifu mkubwa, asikate simu, asimfungulie mtu mlango, asimwambie hata ndugu. Mi-ran akakaa kwenye simu hiyo toka asubuhi mpaka jua linazama, anaogopa hata kwenda chooni. Gwang-sik alipovunja mlango alimkuta kaikumbatia simu, nguo zimelowa. Matapeli hawakupata kitu, lakini Gwang-sik alilia siku ile kama mtoto, na tangu hapo woga wake haukupoa tena. Alimhamishia dada yake kwenye fleti yake, ghorofa ya juu, akaamuru mlango wa chumba chake usifungwe. Simu ya Mi-ran akaiachia kupiga, kupokea na kuandikiana ujumbe tu; intaneti ilibidi ipite kwenye ruta ya nyumbani, nayo ruta hiyo ilikuwa ya zile zinazoitwa za kulinda familia. Kila Mi-ran alipofungua ukurasa, jina la ukurasa huo liliandikwa kwenye simu ya kaka mtu.

"Mbele ya matapeli, asiyeona ni mtoto," Gwang-sik alimwambia mkewe, Mi-ran akiwa katikati yao na bakuli la supu mkononi.

Mwaka uliopita manispaa ilitangaza nyumba ndogo kwa watu wenye ulemavu wanaotaka kuishi wenyewe, pamoja na msaidizi wa saa chache kwa siku. Mi-ran akaomba. Gwang-sik akajua. Alipiga simu ofisini, akajitambulisha kuwa ndiye ndugu wa karibu, akasema kwa upole mkubwa, "Dada yangu haelewi alichoomba," na ombi likafutwa kabla supu haijapoa. Hakugombeza. Alimnunulia Mi-ran mablanketi mapya.

Sasa nyumba zilikuwa zimetangazwa tena. Mwisho wa kuomba ulikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Na safari hii palikuwa na jambo zaidi: Tak In-suk, rafiki yake tangu shule, naye haoni, alikuwa amefungua chumba cha kukandia mtaa huo huo wa nyumba zile, na kitanda cha pili kilikuwa kitupu. In-suk alimwandikia ujumbe, na simu ikamsomea Mi-ran: "Shoga, kitanda kinakungoja. Usipokuja nampa yule Bae mwenye mikono ya baridi, wateja wataruka dirishani. Lakini safari hii usiingie mtandaoni uchi uchi. Jitafutie VPN."

Mi-ran alijua VPN ni nini. Ni kama kupitia handaki. Ruta ya kaka yake ingeona kwamba mtu kaingia handakini, isingeona anakokwenda. Tabu ilikuwa kupata handaki ambalo lango lake linaongea.

Programu ya kwanza ilikuwa ikisifiwa kila mahali. Mi-ran aliifungua, akapitisha kidole kwenye kioo cha simu, na sauti ikamsomea, "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe." Wenyewe walichora alama za kupendeza, hawakuzipa majina ya kusomwa. Alibonyeza moja kwa kubahatisha, ikamuuliza kama anataka kulipia mwaka mzima. Akakimbia.

Ya pili ilikuwa na majina yote, lakini ilitaka kwanza athibitishe kwamba yeye ni binadamu, kwa kuchagua picha zote zenye baiskeli. Alimsimulia In-suk, naye akamjibu, "Mimi wameshanikatalia ubinadamu mara nyingi, nimezoea. Nenda ya tatu."

Ya tatu ilimfungulia vizuri mpaka kwenye neno la siri. Hapo ikaleta tarakimu zilizopangwa ovyo, zinazobadilisha mahali kila unapozigusa, ili mwizi asichungulie, na kisoma-skrini kikizigusa kinasema neno moja tu, "Nyota. Nyota. Nyota." Usalama gani huo, wa kumfungia mwenye nyumba nje? Mi-ran aliitupa simu kwenye godoro, akamtukana aliyeitengeneza, yeye na shule aliyosoma.

"Bisi zako zinaungua leo," Mama Sol alimtania kutoka jikoni.

Huo ulikuwa utani wao wa siku zote. Mi-ran alikuwa ameiweka sauti ya simu yake katika kasi ya juu kabisa, kama wasioona wengi waliozaliwa na subira ndogo, na kwa mtu mwingine sauti hiyo haikuwa maneno, ilikuwa mpasuko mtupu, trrrr, trrrr, bisi kwenye sufuria. Mama Sol tangu aolewe na Gwang-sik alikuwa akizisikia bisi hizo kila Mi-ran alipowatembelea, na tangu ahamie kwao alizisikia kutwa.

Ndiyo maana Mi-ran hakuvaa visikizio. Ukiziba masikio na macho huna, umebakiwa na nini? Mtu anaweza kusimama mlangoni akutazame mpaka achoke. Kwa hiyo alisikiliza kwa spika, kwa kasi ile, na hilo likawa komeo lake. Kioo cha simu nacho alikipigia pazia. Macho hayana pazia, wasemavyo watu, lakini kioo cha Mi-ran kilikuwa nalo: ukikigonga kwa vidole vitatu kinakuwa cheusi kabisa, simu inaendelea kufanya kazi, na anayechungulia begani anaona giza, kama mwenye simu. Kasi na giza. Kwa makomeo hayo mawili Mi-ran alijiona yuko salama ndani ya nyumba ile. Kilichobaki ilikuwa ruta.

Handaki alilipata kwenye ukumbi wa mtandaoni wa wasioona, ambako watu hugombana kuhusu programu kama wengine wanavyogombana kuhusu timu za mpira. Liliitwa Kobe, limetengenezwa na watu wachache wa Incheon, mmoja wao haoni. Halikuwa na mapambo. Mi-ran alibonyeza, likasema, "Umeingia. Mlango umefungwa." Akalibonyeza tena litoke, kisha liingie, apate tu kulisikia likisema hivyo. Alikaa sakafuni, joto la sakafu, ambayo kwao hupashwa moto kwa chini, likimpanda miguuni, akatabasamu peke yake.

Akaanza kuranda. Alisoma masharti ya nyumba. Alisoma habari za mtaa wa In-suk, njia za basi, duka la samaki, bwawa la kuogelea ambalo Jumanne ni la wenye ulemavu.

Jioni ile walikula vibua wa kuchoma. Gwang-sik alimtolea dada yake miiba, akamwekea minofu juu ya wali, kama alivyofanya tangu utotoni. Kisha akasema, "Mama Sol, mwambie maji si mchezo. Bwawa la kuogelea la nini? Mtu haoni, atagonga ukuta azame."

Habari za bwawa Mi-ran hakuwa amemtajia mtu.

"Na ile ruta imeharibika," Gwang-sik aliendelea kulalamika. "Siku hizi inaniandikia mstari mmoja tu, sijui kobe, sijui nini. Nitamwita fundi."

Mi-ran alitafuna polepole ili uso wake upate kazi ya kufanya. Ruta haioni kitu. Kumbe Kobe ni mwaminifu. Basi bwawa kalijuaje?

"Kaweka dudu ndani ya simu yako," In-suk alimwandikia. "Ifute yote, uanze upya."

Kufuta simu kwa asiyeona si kazi ndogo. Ikishafutika inakuwa jiwe. Haisemi kitu mpaka upapase vitufe vya pembeni uiamshe sauti, na usipobahatisha inabidi uombe macho ya mtu. Mi-ran aliifuta. Alipapasa jasho likimtoka mpaka sauti ikarudi, akaipandisha kasi, akarudisha pazia, akamrudisha Kobe. Kesho yake alisoma habari za mbwa waongozaji. Jioni Gwang-sik alivua viatu, akauliza alichouliza, na walipokaa mezani akasema, "Mwambie nyumba hii haifugi mbwa."

Hapo Mi-ran aliogopa kweli. Kaka yake alikuwa anaona kupitia kuta. Alianza kuzima simu na kuilalia. Alipekua kingo za dirisha, chini ya meza, nyuma ya kabati, akitafuta kitu asichokijua umbo lake. Alimwomba In-suk jina la programu nyingine, na nyingine, akazijaribu zote, akarudi kwa Kobe kwa sababu ndiyo pekee iliyomsemesha. Usingizi ulimpotea. Akihesabu alichobakiza cha peke yake alikuta ni mawazo tu, na hayo nayo alikuwa ameanza kuyaonea shaka. Chuki ilimpanda dhidi ya mtu aliyemtolea miiba, kisha akajichukia kwa kumchukia.

"Alhamisi hiyo hapo," In-suk aliandika. "Akijua, ajue ukiwa umeshatuma. Na kuna kitu kipya: wanakuuliza nani aruhusiwe kusema kwa niaba yako. Jibu hakuna. Halafu unaweka neno la mwombaji. Asiyelijua hafuti ombi. Uchague neno ambalo kaka yako halipati hata akiishi miaka mia. Si jina la mama, si siku ya kuzaliwa. Hayo atayajaribu kabla hajakaa."

Mi-ran alifikiri neno hilo siku nzima. Ni neno gani ambalo Gwang-sik halitamki kamwe? Alipita maneno ya utotoni, ya kijijini, ya shuleni. Mwisho alilipata, na lilipomjia alicheka, kisha akaacha kucheka.

Alhamisi mchana Gwang-sik alikuwa kazini kwake, kwenye duka la mitambo ya kupashia nyumba joto. Mama Sol alikuwa jikoni anakata mikia ya soya changa zilizochipua, tik, tik, tik. Jiko la wali, lile la umeme linaloongea, lilitangaza kwa sauti ya bashasha kwamba linaanza kupika. Mi-ran alimfungua Kobe. Mlango umefungwa.

Fomu ilikwenda vizuri. Jina, umri, kazi. Je, yupo mtu anayeruhusiwa kuzungumza kwa niaba yako? Akachagua: Hakuna. Weka neno la mwombaji. Alikuwa ameiagiza simu yake itamke kila herufi anayoiandika, maana kidole huteleza kwenye kioo, na neno la siri likikosewa herufi moja umejifungia mwenyewe. Akaandika, simu ikatamka kwa kasi yake, herufi kwa herufi: Chohui. Akalirudia, kama fomu ilivyotaka: Chohui.

Kisha chini kabisa, mbele ya kitufe cha kutuma, sauti ikasema, "Andika tarakimu unazoziona kwenye picha."

Mi-ran alisogeza kidole pembeni ya picha. Palikuwa na kitufe cha kusikiliza badala ya kuona. Alikibonyeza, kimya. Alikibonyeza tena, kimya kile kile. Mtu fulani alikiweka pale ili sheria iridhike, hakukiunganisha na kitu. Alipiga simu kituo cha msaada wa kusomea wasioona. "Wahudumu wetu wote wanaongea na wateja wengine," wakampigia muziki. Akakata, akapiga, muziki. In-suk naye macho hana. Saa zilikwenda. Alirudisha kidole juu ya picha: "Picha. Picha. Picha." Pale pale, chini ya ncha ya kidole chake, tarakimu zilikuwepo zinamtazama, na mtoto yeyote wa chekechea angezisoma.

Ile tik, tik ya jikoni ikakoma.

"Toa pazia," alisema Mama Sol. "Washa kioo nikusomee."

Mi-ran alibaki na kidole hewani. Hakuwa amezungumza. Tangu asubuhi hakuwa amefumbua mdomo. Ni simu tu iliyosema, kwa kasi yake, trrrr.

"Umesema nini, wifi?"

"Inataka tarakimu za kwenye picha. Kitufe cha kusikiliza kibovu. Umekibonyeza mpaka kimechoka."

"Unaisikia?"

"Mi-ran, nakaa na hiyo sauti kuliko ninavyokaa na mume wangu." Mama Sol alikuwa amesogea mlangoni; harufu ya mbegu za soya ilikuja naye. "Mwanzo ilikuwa bisi kweli. Halafu neno moja moja. Halafu siku moja naosha vyombo nikajikuta nacheka, kumbe nimechekeshwa na ujumbe wa In-suk. Sikufundishwa na mtu. Sasa hata redio naona wanaongea kama wagonjwa."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mi-ran alihangaika na ruta, akafuta simu, akapekua kabati, na muda wote huo komeo lake alilolitegemea lilikuwa limeshafunguka, taratibu, kwenye sinki la vyombo.

"Mwaka jana," alisema Mi-ran kwa hasira. "Lile ombi."

"Mimi."

"Wewe!"

"Ruta ilimpa jina la ukurasa tu, hakuelewa ni wa nini. Akaniuliza. Ananiuliza kila siku, unamsikia. Nikamwambia." Mama Sol alivuta pumzi. "Niliogopa. Sol kaenda zake Seoul, wewe uende, mimi nibaki na nani? Na jiko la wali? Maana humu ndani linalonisemesha ni hilo."

"Na bwawa? Na mbwa?"

"Nilimpa bwawa asije akagundua habari za nyumba. Nikampa mbwa. Ananiuliza akitaka kitu cha kushika mkononi, nami nampa. Ningesema redio tu kila siku angejua."

Mi-ran hakujua acheke au amrushie simu. Kisha kitu kingine kikamjia.

"Basi na lile neno umelisikia."

"Kila herufi," alisema Mama Sol. "Mara mbili."

Kwa maana hilo ndilo lilikuwa jina lake. Ok Cho-hui. Mi-ran alilisikia siku ya harusi yao likisomwa mbele ya watu, na tangu siku ile hakumsikia kaka yake akilitamka hata mara moja. Alikuwa "bibi harusi", kisha "we", kisha Mama Sol. Neno ambalo Gwang-sik halipati hata akiishi miaka mia, Mi-ran alilikuta hapo, na sasa mwenye jina kasimama mlangoni na vidole vimelowa maji.

"Nilidhani limeshakufa hilo jina," alisema Mama Sol.

Jiko la wali lilitangaza kwamba linatoa mvuke, watu wajihadhari. Mi-ran alikaa na simu mapajani. Akiwasha kioo, anampa macho yake mtu aliyemuuza. Asipowasha, saa kumi na mbili inafika na picha inabaki picha. Mficha uchi hazai, walisema waliotangulia, nao hawakusema kuzaa hakuumi. Alikigonga kioo kwa vidole vitatu.

"Kioo kimewaka," simu ilisema.

Mama Sol aliinama begani kwake. "Tatu. Nane. Nane. Moja. Tano."

Mi-ran aliandika. "Umekosea," simu ilisema. "Jaribu tena."

"Umenidanganya!"

"Sijakudanganya! Wamezikunjakunja kama tambi, ile moja ilikuwa saba. Tulia, imeleta nyingine." Pumzi yake ilikuwa ya moto shingoni kwa Mi-ran. Angeweza kukosea tena, na tena, mpaka saa ipite, na Mi-ran asingejua kamwe kama ni macho au ni moyo. "Sifuri. Sita. Mbili. Sita. Tisa. Andika."

"Ombi lako limepokelewa," ikasema simu.

Hawakukumbatiana. Mi-ran alishusha pumzi iliyokaa kifuani tangu mwaka jana. "Kaka akikuuliza lile neno?" alisema.

"Soya zangu zinanyauka," alijibu Mama Sol, akarudi jikoni. Tik, tik, tik.

Kufuli la mlangoni liliimba mapema mno. Mi-ran hakusikia viatu vikivuliwa. Alisikia soli kwenye sakafu ya ndani, jambo ambalo kaka yake hakuwahi kulifanya hata siku ya msiba.

"Nimeletewa ujumbe na manispaa! Jina langu bado limo kwenye faili lake la zamani, wananiambia ombi limepokelewa. Mama Sol, leo kafanya nini?"

Gwang-sik hakungoja; alikuwa ameshapiga simu, na kwa haraka yake akaiweka kwenye spika.

"Mimi ni kaka yake," alimwambia mhudumu. "Ndugu wa karibu. Dada yangu haelewi alichoomba, haoni, nawaomba mlifute."

"Naliona ombi lake hapa, baba," mhudumu alijibu kwa adabu. "Mwombaji hakuruhusu mtu kumsemea. Ila kama unalo neno la mwombaji, nalifuta sasa hivi. Unalo?"

"Ninalo, ninalo, ngoja." Gwang-sik alitaja siku ya kuzaliwa ya Mi-ran. Alitaja jina la marehemu mama yao. Alitaja jina la kijiji, na jina la mbwa waliyekuwa naye wakiwa wadogo, na kwenye hilo la mbwa sauti ilimkatika. "Nilimuahidi mama," alisema, na haikueleweka anamwambia nani. Mi-ran alitaka kuinuka amshike mkono. Hakuinuka.

"Hapana, baba," mhudumu alisema. "Samahani. Tunafunga saa kumi na mbili, na baada ya hapo orodha inakwenda juu."

Ndipo Gwang-sik alipofanya alichofanya kila jioni. Aligeukia jikoni.

"Mama Sol. Wewe unashinda naye. Unamsikia. Neno lake ni lipi?"

Tik, tik ilikoma. Mi-ran alikaa mlango wazi, kioo kinawaka, hana kasi, hana giza, hana Kobe. Ulimwengu wake wote ulikuwa ndani ya kinywa cha mwanamke mmoja, nalo neno lenyewe lilikuwa jina la mwanamke huyo. Akilitaja, ndiyo basi. Kwenye spika mhudumu alikohoa kidogo, akingoja.

"Mama Sol! Si nakuuliza?"

"Unaniuliza mimi," alisema Mama Sol, taratibu, kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukikalia. "Kila siku unaniuliza mimi. Mwenyewe huyo hapo. Muulize yeye."

Kisha Mi-ran akasikia soli za kaka yake zikigeuka sakafuni, zikasogea mpaka mlangoni kwake, zikasimama. Alisikia anavyohema. Alisikia anavyotafuta pa kuanzia, maana ni kazi aliyoisahau.

"Mi-ran," alisema Gwang-sik. "Leo umefanya nini?"